Homa ya Mgunda si ya Mgundani Pekee: Namna Mazingira Yanavyobadili Sura ya Ugonjwa

Mnamo Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umezua hofu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ni leptospirosisi, ambao kwa Kiswahili huitwa homa ya mgunda. Wakati wa tangazo hilo wagonjwa 20 walikuwa wamekwisha kuripotiwa, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia. Kabla ya hapo wananchi walisikia tu habari za homa, maumivu makali ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na baadhi yao walihofia kuwa ni Ebola au Marburg. Vipimo vilionyesha kuwa si Ebola, si Marburg, wala si UVIKO-19.

Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni nchini. Watafiti wa tiba ya binadamu na wa tiba ya mifugo wamekuwa wakiukuta Tanzania kwa miongo kadhaa, kaskazini, mashariki, magharibi na katika Kanda ya Ziwa. Neno *mgunda* lina maana ya shamba katika lugha kadhaa za Kibantu za Tanzania, zikiwamo Kinyamwezi na Kigogo. Jina hilo linafaa, kwa kuwa wakulima wako katika hatari kubwa. Hata hivyo linaweza kupotosha. Mhudumu wa afya anayeuhusisha ugonjwa huu na shamba peke yake atampita mgonjwa aliyeupata zizini, machinjioni, malishoni au katika mtaro wa maji machafu mjini. Kila mazingira yana mnyama wake anayebeba bakteria, maji yake yanayoisambaza na kazi zake zinazomkutanisha binadamu nayo. Kwa sababu hiyo, maswali anayoulizwa mgonjwa hayana budi kulingana na mahali anapoishi na kufanya kazi.

Bakteria inayohitaji unyevu

Leptospirosisi husababishwa na bakteria wembamba waliojisokota kama kizibuo, waitwao Leptospira. Makao yao ya kudumu ni figo za wanyama. Panya, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa na wanyamapori wengi huweza kuwabeba kwa miezi au hata miaka na kuwatoa kwa mkojo, mara nyingi bila mnyama kuonyesha dalili yoyote. Mkojo huo huangukia kwenye udongo, matope au maji, na hapo ndipo binadamu hukutana nao.

Bakteria hawa huingia mwilini kupitia mchubuko, jeraha, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu, au utando laini wa macho, pua na mdomo. Ni nadra sana kwa binadamu kumwambukiza binadamu mwenzake. Kwa kawaida dalili huanza baada ya siku 5 hadi 14, ingawa huweza kuonekana mapema kama siku ya 2 au kuchelewa hadi siku ya 30.

Jambo la msingi ni kwamba nje ya mwili wa mnyama Leptospira hutegemea unyevu. Katika maji baridi yasiyo na chumvi nyingi au udongo wenye majimaji usio na tindikali nyingi, huweza kuishi kwa majuma au hata miezi. Ukavu na jua kali huwaua upesi. Kwa hiyo umbo la ardhi, aina ya udongo, majira ya mvua na namna watu wanavyotumia maji huamua kwa kiasi kikubwa nani ataugua na lini.

Majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa

Mazingira yanayofahamika zaidi ni shamba lenye maji. Mkulima wa mpunga husimama majini kwa saa nyingi, mara nyingi miguu ikiwa mitupu, huku ngozi ikilainika na kuchubuliwa na majani na visiki. Panya hufuata nafaka na kujenga mashimo kwenye kingo za majaruba. Ng'ombe nao huingizwa kulima au kula mabua, na mkojo wao huishia katika maji yale yale. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wagonjwa wa homa mkoani Kilimanjaro ulionyesha kuwa kufanya kazi katika mashamba ya mpunga kulihusiana sana na kupatikana na leptospirosisi.

Shamba la miwa lina hatari yake pia. Miwa huwapa panya chakula na maficho kwa muda mrefu wa mwaka. Anayeikata hujeruhiwa mikono na miguu na majani makali, kisha hugusa udongo uliolowa na kunawa katika mfereji wa umwagiliaji. Mkoani Kagera, watafiti wamechunguza wafanyakazi wa mashamba ya miwa pamoja na jamii za wavuvi, na makundi yote mawili yamekutwa na kingamwili zinazoonyesha kuwa yalikwisha kukutana na bakteria hawa. Mvuvi hana jaruba wala muwa, lakini anashinda akiwa amelowa, na mahali nyavu na samaki vinapohifadhiwa panya hawakosekani.

Zizi, kihamba na machinjio

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro sura ya ugonjwa hubadilika. Ardhi ni ndogo, na familia nyingi hufuga ng'ombe wachache bandani, karibu kabisa na nyumba. Majani hukatwa na kuletwa, samadi huzolewa na kupelekwa kwenye migomba ya kihamba, na ng'ombe hukamuliwa kila siku. Katika mazingira haya mtu anaweza kurukiwa na mkojo wa ng'ombe usoni au miguuni mara kadhaa kwa siku bila kuona kuwa ni jambo la kutajwa hospitalini.

Watafiti waliowachunguza wanyama katika eneo hilo walipata matokeo yaliyowashangaza wengi. Miongoni mwa karibu panya 400 waliotegwa katika maeneo ya Moshi, hakupatikana hata mmoja mwenye maambukizi ya Leptospira. Kwa upande mwingine, kati ya ng'ombe waliochunguzwa, takriban 7 katika kila 100 walikuwa na bakteria, na mbuzi na kondoo wachache walikuwa nao pia. Uchunguzi wa wagonjwa ulielekea huko huko: kulisha ng'ombe na kusafisha samadi yao kulihusiana na ugonjwa. Mganga wa Kilimanjaro anayeuliza tu, "Je, nyumbani kwenu kuna panya?" huenda akawa anauliza swali lililotungwa kwa ajili ya mahali pengine.

Mkoani Morogoro picha ni tofauti. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewakuta bakteria hawa katika panya na vilevile katika ng'ombe. Aina mojawapo iliyotengwa kutoka kwa ng'ombe imepewa jina la Sokoine, na sasa jina hilo hutumika katika maabara za kimataifa.

Machinjio nayo ni mazingira ya pekee. Mchinjaji hushika figo na kibofu cha mkojo kwa mikono, sakafu imelowa, visu ni vikali na majeraha madogo ni mambo ya kila siku. Katika uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya, zaidi ya mfanyakazi mmoja katika kila kumi wa machinjio alikutwa na kingamwili za Leptospira. Daktari wa mifugo na mfugaji anayemsaidia ng'ombe aliyetupa mimba wako katika hatari kama hiyo, kwa sababu kondo la nyuma na majimaji ya uzazi vinaweza kubeba bakteria kwa wingi.

Malisho yanayopakana na hifadhi

Nyanda kavu zinaweza kudhaniwa kuwa salama, na ni kweli kwamba ukavu humdhuru bakteria. Lakini ukavu huohuo huwakusanya viumbe wote mahali pamoja. Kiangazi kikikaza, mifugo, wanyamapori na watu hutegemea malambo na mabwawa machache yaliyobaki. Maji hayo hunywewa, hukojolewa na kuchotwa kwa matumizi ya nyumbani.

Katika mfumo ikolojia wa Katavi na Rukwa, magharibi mwa Tanzania, utafiti ulikuta kingamwili za Leptospira kwa takriban watu 30 katika kila 100 waliopimwa, na kiwango kinachokaribiana na hicho kwa ng'ombe na nyati. Kuwa na kingamwili hakumaanishi kuwa mtu anaumwa sasa; kunaonyesha kuwa alikwisha kukutana na bakteria. Hata hivyo matokeo hayo yanaeleza wazi kwamba mpaka wa hifadhi hauzuii mzunguko wa ugonjwa kati ya mnyama wa porini, wa kufugwa na binadamu.

Mitaro ya mjini

Mjini ng'ombe ni wachache, na mbebaji mkuu huwa panya wa majumbani na wa mitaroni. Aina ya Leptospira wanayoibeba mara nyingi ni miongoni mwa zile zinazosababisha ugonjwa mkali. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa jiji la Salvador, nchini Brazili. Mwaka 1996, baada ya mvua kubwa, wagonjwa 326 waligunduliwa jijini humo kuwa na leptospirosisi kali, na takriban 15 katika kila 100 kati yao walifariki. Chunguzi zilizofuata katika vitongoji vya mabondeni zilionyesha kuwa kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na mtaro wa wazi wa maji machafu, ndivyo hatari ya maambukizi ilivyoongezeka.

Jambo jingine katika mlipuko ule linapaswa kuwagusa wahudumu wa Afrika Mashariki. Takriban wagonjwa 4 katika kila 10 walikuwa wameambiwa mwanzoni kwamba wana homa ya dengi. Jiji la Dar es Salaam limepata milipuko ya dengi, na wakazi wa bonde la Mto Msimbazi huyajua vizuri mafuriko. Mahali ambapo mvua kubwa, mitaro iliyoziba, taka, panya na nyumba za mabondeni vinakutana, mgonjwa wa homa aliyetembea katika maji ya mafuriko hapaswi kufikiriwa dengi na malaria pekee.

Visiwa viwili, bahari moja

Tofauti zinazoletwa na mazingira huonekana wazi zaidi katika visiwa viwili vya Bahari ya Hindi vilivyo chini ya Ufaransa. Kisiwani Réunion, wagonjwa wengi huambukizwa aina zinazobebwa na panya, na ugonjwa mkali ni wa kawaida zaidi. Kisiwani Mayotte, ambako lugha ya wenyeji, Kishimaore, ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, bakteria wanaowapata watu ni wa spishi mbalimbali, na ugonjwa mara nyingi huwa mwepesi zaidi. Mojawapo ya spishi hizo, iliyopewa jina la kisiwa hicho mwaka 2014, hubebwa na tenreki, mnyama mdogo mwenye manyoya magumu yenye miiba aliyeletwa kutoka Madagaska. Hali ya hewa ya visiwa hivi inafanana kwa mengi, lakini wanyama wao ni tofauti, na kwa hiyo wagonjwa wao pia ni tofauti.

Mazingira hubadilika pia kadiri miaka inavyopita. Mkoani Kilimanjaro, takriban wagonjwa 9 katika kila 100 waliopimwa mwaka 2007 hadi 2008 walikuwa na leptospirosisi. Uchunguzi wa namna hiyo uliporudiwa mwaka 2012 hadi 2014, waliopatikana walikuwa takriban 2 katika kila 100. Takwimu za mwaka mmoja, au za mkoa mmoja, hazitoshi kuielezea nchi nzima.

Homa isiyo malaria

Kwa nini ugonjwa ulioenea hivi huonekana kuwa nadra? Sababu ya kwanza ni kwamba siku za mwanzo dalili zake hufanana na za malaria. Katika uchunguzi wa Moshi wa mwaka 2007 hadi 2008, wagonjwa 528 kati ya 870 waliolazwa kwa homa walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vya uhakika vilithibitisha malaria kwa wagonjwa 14 tu. Siku hizi vipimo vya haraka vya malaria vimeenea, lakini jibu la "hakuna malaria" ni mwanzo wa uchunguzi. Mgonjwa akirudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza homa pekee, zile siku ambazo tiba ingemfaa zaidi hupotea.

Sababu ya pili iko maabara. Katika juma la kwanza bakteria huweza kutambuliwa katika damu kwa kipimo cha vinasaba, ambacho hakipatikani katika vituo vingi. Kingamwili huchukua siku kadhaa kujitokeza, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kuonyesha kuwa mgonjwa hana ugonjwa ilhali anao. Kipimo rejea huhitaji sampuli mbili za damu zilizochukuliwa kwa kupishana majuma mawili au zaidi, na seramu ya mgonjwa hukutanishwa na aina hai za Leptospira zilizohifadhiwa maabara. Hapa pia mazingira yana neno lao. Aina zinazojulikana ni zaidi ya 300, na hakuna maabara inayoweza kuziweka zote. Ikiwa aina inayozunguka wilayani haimo katika orodha ya maabara, kipimo kinaweza kumkosa mgonjwa. Ndiyo maana kazi ya kuwatambua bakteria wa panya na ng'ombe wa hapa nyumbani ni sehemu ya tiba ya binadamu.

Maswali ya kumwuliza mgonjwa

Kwa mgonjwa mwenye homa ya ghafla, hasa iliyoambatana na maumivu makali ya kichwa, mashavu ya miguu na kiuno, au macho mekundu yasiyo na tongotongo, maswali yafuatayo huchukua dakika chache. Yahusu mwezi mmoja uliopita:

- Unafanya kazi gani, na je, umesimama au kutembea majini au katika matope?
- Unafuga wanyama gani? Nani hukamua, huzoa samadi na kusafisha banda?
- Je, umechinja, umesaidia mnyama kuzaa, au umeshika mimba iliyotupwa?
- Maji ya kunywa na kuoga hutoka wapi, na ni wanyama gani huyatumia?
- Je, nyumba yenu ilifikiwa na mafuriko, au umezibua mtaro?
- Je, una vidonda au michubuko miguuni na mikononi?

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Anayejua kwamba anashinda jarubani au zizini amweleze mhudumu bila kusita, hata kama anaona jambo hilo halihusiani na homa yake.

Tiba na dalili za hatari

Wagonjwa wengi hupata ugonjwa mwepesi na kupona. Lakini wachache huingia katika hatua kali, wakati mwingine baada ya kujihisi nafuu kwa siku moja au mbili. Dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa ni macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kupungua sana, kutokwa damu, kukohoa damu au kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa na shingo kukakamaa. Kuvuja damu katika mapafu ndiko kunakoua haraka zaidi, na huweza kutokea hata kwa mgonjwa asiye na manjano.

Dawa za ugonjwa huu si ngeni wala si za gharama kubwa. Kwa ugonjwa mwepesi, mtu mzima hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Wajawazito na watoto wadogo hupewa amoksisilini au azithromaisini. Ugonjwa mkali hutibiwa hospitalini kwa benzilipenisilini au seftriaksoni kwa njia ya mshipa, pamoja na kufuatilia figo, maji ya mwili na upumuaji. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa muda hadi figo zirejee kufanya kazi. Daktari akishuku ugonjwa huu kwa sababu za msingi, achukue sampuli na kuanza tiba bila kusubiri majibu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa kuwa huweza kuzidisha madhara ya figo.

Kinga inayolingana na mahali

Ushauri wa "epuka maji machafu" haumsaidii mtu ambaye riziki yake imo majini. Mkulima wa mpunga husaidiwa na mabuti ya mpira, na asipokuwa nayo, kufunika kila jeraha kwa plasta isiyopitisha maji na kunawa kwa maji safi na sabuni mara tu akitoka jarubani. Mfugaji wa bandani hufaidika na sakafu yenye mteremko unaoondoa mkojo, mahali pa kunawia karibu na banda, na glavu anapomsaidia ng'ombe kuzaa. Machinjioni, mabuti, glavu na aproni ni vifaa vya kazi sawa na kisu, na ni wajibu wa mwenye machinjio kuvitoa. Malishoni, kutenganisha mahali pa kuchota maji ya watu na mahali pa kunyweshea mifugo ni hatua kubwa, na maji ya kunywa yachemshwe. Mjini, kuzoa taka na kufunika mitaro hupunguza panya na mafuriko kwa pamoja.

Mhudumu wa zahanati anapowapokea wagonjwa watatu wa homa isiyo malaria kutoka kijiji kimoja ndani ya juma moja, atoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya, na amuulize afisa mifugo wa kata kama kuna ng'ombe waliotupa mimba siku za karibuni. Mara nyingi jibu la swali la zahanati hupatikana zizini, na afisa huyo huenda alikwisha kuliona tatizo kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika.